Mbambua Nyuso wa Isevya

Mimi na Ummy binti Mabruki tumegawana baraza moja hapa Isevya, mwaka wa kumi na moja sasa. Upande wa kushoto ni cherehani yangu na vitambaa vyangu. Upande wa kulia ni pazia lake la kijani, na nyuma ya pazia hilo wanawake wa Tabora hulala chali kwenye kitanda chembamba, wakapakwa maji yanayowasha usoni, wakamwambia Ummy siri ambazo hata padri wangu hajapata kuzisikia. Mimi nazisikia zote, kwa sababu pazia si ukuta. Ningekuwa na roho mbaya kuliko hii niliyo nayo, ningeshavunja nusu ya ndoa za mtaa.

Ummy ana miaka hamsini na miwili, ni mfupi, mnene wa kiuno, na sauti yake ni ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya reli. Ugonjwa wake ni kusema kweli. Nimeona wafanyabiashara wengi wakifukuza wateja kwa uongo. Yeye huwafukuza kwa ukweli. Msichana anakuja na picha kwenye simu, anasema, "Anti, nataka niwe kama huyu." Ummy anaitazama picha, anamtazama msichana, anamjibu, "Huyu ni taa na simu, mwanangu. Chunusi zako nitazipunguza, na haya makovu yatafifia. Rangi aliyokupa Mungu siigusi." Msichana anaondoka amevimba, na mimi nabaki kumwambia Ummy kwamba kodi ya fremu hailipwi kwa ukweli. Hanisikii.

Ukweli huo hakuzaliwa nao. Zamani huyu huyu alikuwa na meza sokoni, akikoroga mkorogo kwenye ndoo iliyokuwa ya rangi ya nyumba, akiwauzia watu kwa kijiko. Na yeye mwenyewe alijipaka. Uso fanta, miguu koka, kama wanavyosema watu, na mpaka leo vifundo vya vidole vyake vina weusi ambao haukubali kutoka. Aliacha siku mteja wake mmoja alipofanyiwa upasuaji wa uzazi, daktari akashona, na uzi ukawa unakata ile ngozi kama karatasi iliyolowa. Yule mama alipona, lakini Ummy alikwenda kumwona wodini akarudi hana rangi. Alimwaga ndoo chooni, akauza meza, akapanda treni kwenda Dar kusomea ngozi miezi sita, mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja kwenye dawati na watoto wa shule. Alirudi na koti jeupe, brashi, chupa zake, na kisirani hiki cha kusema kweli.

Kazi yenyewe ni hii. Unaoshwa uso. Unapakwa maji ya asidi nyepesi, ile inayotokana na maziwa yaliyochacha au na miwa, kwa dakika alizozihesabu kwenye saa. Inawasha kama pilipili iliyopita mbali kidogo. Anaisafisha, anakupaka mafuta, anakwambia ukae mbali na jua. Siku ya tatu ngozi ya juu inaanza kutoka yenyewe, vipande vyembamba, na huruhusiwi kuvibandua hata kwa kucha moja. Baada ya wiki unabaki na uso wako ule ule, ila umetulia. Mimi alinijaribia wa kwanza, bure. Siku ya nne nilikwenda kanisani nikiwa natoka magamba, na katekista Xavery akaniombea.

Shida ilikuwa jina. Kibao chake cha kwanza kiliandikwa na Godbless, fundi wa mabango: TUNACHUBUA USO. Wiki nzima wakaja watu wa mkorogo tu, maana kwetu kujichubua ni kutafuta weupe, hakuna maana nyingine. Ummy akakifuta. Kibao cha pili: TUNASAFISHA USO KWA TINDIKALI NYEPESI. Hapo akaja mwenyekiti wa mtaa na wanaume wawili, kwa sababu tindikali hapa tunaijua kwenye betri za magari na kwenye habari za wivu wa mapenzi. Ilibidi Ummy ajipake mwenyewe mbele yao ndipo waondoke. Kibao cha tatu alikitunga mwenyewe, kwa neno la baba yake. Mzee Mabruki alikuwa mrina asali wa misitu ya Sikonge, akitengeneza mizinga ya magome, na maisha yake yote aligombana na vijana waliobambua mti mpaka kwenye utomvu. Gome la juu chukua, alikuwa akisema, la ndani ni la mti mwenyewe. Basi Godbless akaandika: TUNABAMBUA TARATIBU. Mtu wa kwanza kuja aliulizia mizinga kumi na miwili. Lakini neno likashika, na mpaka leo mwanamke wa Tabora akikwambia amebambuliwa, usimpe pole.

Sasa nisimulie habari ya Shamimu, maana ndiyo inayomweleza Ummy kuliko vyeti vyake.

Shamimu ni jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka hapa, mwanamke wa miaka arobaini na sita asiye na maneno mengi. Tangu uzazi wa tatu alikuwa na mabaka ya kahawia mashavuni, na miaka yote alijifanya hayamsumbui. Mumewe, Nurdini, alikuwa fundi wa reli kule Kaliua, akirudi nyumbani mara mbili kwa mwezi, mtu mwema, mzito, ambaye akikaa kitini kiti ndicho kilichokuwa kikisema. Jumatano moja ya Agosti Shamimu aliingia nyuma ya pazia. Nurdini alikuwa anaanza likizo, angefika Jumanne inayofuata.

"Jumanne niwe tayari?" nilimsikia akiuliza.

"Jumamosi utaanza kubambuka, Jumapili utatisha," Ummy alimjibu. "Jumatatu utatulia. Jumanne utakuwa sawa. Mabaka hayataondoka kwa mara moja, nisikudanganye. Yatapungua. Na usitoke juani."

"Sitoki. Na usimwambie mtu."

Ijumaa asubuhi Nurdini alianguka kule Kaliua akiwa anavaa buti. Presha. Saa nane mwili ulifika Tabora, alasiri akazikwa, na kabla ya magharibi Shamimu alikuwa ameketishwa kwenye mkeka chumbani, eda imeanza. Miezi minne na siku kumi, hakuna kutoka, hakuna wanja, hakuna manukato, hakuna kujipamba kwa namna yoyote. Na huku usoni ana dawa ya Jumatano.

Msimamizi wa matanga upande wa wanawake alikuwa wifi yake, Mwanahawa, dada mkubwa wa marehemu. Bi Mwanahawa ni mwanamke wa kujivuna kwa vitu vyote vya ukoo wao: nyumba yao ndiyo ya kwanza kupigwa bati, babu yao ndiye aliyekuja na msafara kutoka Uzaramo akiwa na bunduki, si mzigo, na pilau yao haijapata kuungua. Sisi wengine wote, kwa hesabu yake, babu zetu walibeba pembe za ndovu za watu kichwani.

Jumamosi ngozi ikaanza. Jumapili, siku ya kuanua matanga, chumba kimejaa wanawake mpaka mlangoni, mimi nikiwa mmoja wao, na uso wa Shamimu unatoka vipande kuanzia kidevuni mpaka puani. Mwanamke akiingia kutoa pole, anainama, anaona, anashtuka. Na hapo Bi Mwanahawa akapata la kusema.

"Machozi hayo," akawa anasema kwa kila anayeingia. "Machozi yamemchoma. Mke wa kaka yangu amelia mpaka ngozi inatoka. Mmepata kuona wapi? Nyie waume zenu wakifa mtatoka hata jasho?"

Wanawake wakaitikia kwa huruma. Mmoja alisema bibi yake naye alilia hivyo. Mwingine alikumbuka kabisa kwamba ni dalili ya mume mwema kaburini. Shamimu alikaa macho chini, na machozi yenyewe, yale ya kweli, yalikuwa yakipita kwenye ngozi mbichi na nilijua yanamwuma, kwa sababu mimi lilinipata jasho tu nikapiga kelele.

Hapa ndipo nilipokosea, na sijisamehe sana. Mimi ni Mnyamwezi wa Nzega, na wale asili yao ni Wazaramo. Ni watani wetu, tangu huko kwenye njia ya misafara ambako babu zao na babu zetu walitukanana na kuzikana. Msibani mtani ana haki ya kusema lolote, asiposema watu wanadhani anaumwa. Nilishaiba kifuniko cha sufuria ya pilau asubuhi nikakataa kukirudisha mpaka nipewe kahawa. Lakini majivuno ya Bi Mwanahawa yalinikaba. Babu mwenye bunduki nimemvumilia. Machozi ya kubandua ngozi yalinishinda. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Machozi gani!" nikasema kwa sauti. "Huyo anabambuka kama nyoka! Anavua ngozi ya Nurdini avae ya bwana mpya. Wazaramo, fungeni milango, mjane wenu ataruka dirishani!"

Chumba kizima kikacheka, kama inavyotakiwa. Hata shangazi wa marehemu alicheka akajifunika kanga. Ni watu wawili tu hawakucheka. Shamimu aliinua macho akanitazama, na nikatamani ardhi inimeze. Bi Mwanahawa naye alikuwa anafikiri, jambo ambalo kwake ni la hatari.

"Nitawaonyesha kama ni nyoka," akasema. "Ngozi hii ya machozi itoke sasa hivi, na chini yake mtaona jeraha. Nileteeni maji ya moto, ndimu, na chumvi ile ya Uvinza iliyo kwenye kibuyu. Bibi yetu aliponya miguu ya wapagazi iliyochunika kwa dawa hiyo hiyo. Na kitambaa kigumu."

Kama hujui ngozi iliyobambuliwa siku nne, nikueleze: chini ya vile vipande kuna ngozi changa ambayo haitaki hata mto mgumu. Ndimu, chumvi na kitambaa kigumu vingemwachia Shamimu uso wa madoa meusi maisha yake yote, mabaya kuliko yale aliyokuja nayo. Nilijua. Mimi ndiye niliyeyaita maji hayo kwa ulimi wangu. Nikatoka nimevaa kandambili ya mtu mwingine, nikakimbia.

Ummy hakuwa ameingia chumbani siku zote tatu. Alikuwa uani, akimenya viazi vya pilau kwa sababu, alisema, hakutaka kukaa karibu na uso ule akaulizwa swali. Nilimweleza kwa pumzi moja. Kisu kikabaki ndani ya kiazi.

"Nikisema nimembambua," alisema, "watasema mume anakufa, mke yuko saluni."

"Watasema."

"Na hakuna atakayeniletea bibi harusi tena."

"Hakuna."

"Nikinyamaza?"

Kutoka jikoni msichana alikuwa anapita na beseni linalotoa mvuke. Ummy alifuta mikono kwenye gauni na kumfuata, na mimi nyuma yake, nikitafuta uongo wa kumpa. Nilikuwa nao mwingi: mzio, ugonjwa wa jua, upupu. Nikamnong'oneza mgongoni, "Sema ni upupu. Ummy, sema upupu tu!"

Alipoingia, Bi Mwanahawa alikuwa amepiga magoti mbele ya wifi yake, kitambaa kimeshalowa, mkono umeinuka.

"Usimguse!" Ummy akapaza ile sauti yake ya ng'ambo ya reli.

Bi Mwanahawa akageuka polepole. "Nani wewe wa kunizuia kwa mke wa kaka yangu?"

"Shikamoo, Bi Mwanahawa. Ni mimi. Si machozi. Mimi ndiye niliyembambua, Jumatano, kabla ya msiba. Ukimpaka hiyo ndimu utamharibu, na hataweza kupona. Nitukane mimi, lakini weka chini hicho kitambaa."

Nilifumba macho. Nilisikia minong'ono ikianza pembeni na kuzunguka chumba, na nilisikia neno saluni, na neno aibu, na mtu mmoja akisema "kumbe" kwa ile sauti ya watu wanaoifurahia. Nimewahi kuwachukia wanawake wa mtaa wetu, lakini si kama dakika ile.

"Kwa hiyo kaka yangu yuko Kaliua anakata roho," Bi Mwanahawa akasema, "na wewe unajipamba. Unampambia nani?"

Ndipo Shamimu akasema. Sikumbuki kama nimewahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo.

"Yeye. Alikuwa arudi Jumanne. Wifi, miaka kumi na tisa kaka yako anaingia nyumbani ananiangalia na hanioni. Si kwamba alikuwa mbaya. Alikuwa amenizoea, kama anavyozoea mlango. Nilitaka safari hii tu, akiingia, asimame. Aniangalie. Ndiyo makosa yangu hayo. Na machozi yapo, wifi, usidhani hayapo. Ndiyo yanayoniuma kuliko dawa."

Bi Mwanahawa alikaa amepiga magoti vile vile, maji yanatiririka kutoka kwenye kitambaa mpaka kwenye kiwiko chake, na mimi nilikuwa najiandaa kuona kofi. Mwanamke huyo amewahi kumpiga karani. Badala yake aliweka kitambaa ndani ya beseni, akalisukuma beseni mbali, akatugeukia sisi wote.

"Mnatazama nini?" akasema. "Mke amejipamba kwa ajili ya mume wake. Kama kuna anayeijua dhambi hiyo, aitaje. Nyie waume zenu wanarudi kila jioni na mnawapokea na kanga ya kudekia. Kaka yangu alikuwa mwanamume wa kupambiwa!" Kisha sauti ikamkatika, akaegemea bega la wifi yake, akalia, yeye ambaye siku zote tatu alikuwa na kazi ya kusimamia vilio vya wengine. Ummy akamvuta kidogo ili shavu lake lisisugue uso wa Shamimu.

Msidhani mambo yaliisha vizuri. Majivuno ya Bi Mwanahawa yalitosha chumba kile, hayakutosha Tabora. Wiki ile ile mabibi harusi wawili walighairi. Wiki iliyofuata mama mmoja alipita barazani akatema mate, akasema fremu hii ni ya mwanamke anayewapamba wajane. Ummy alikaa nyuma ya pazia lake miezi mizima akipokea wavulana wa chunusi na walimu wawili kutoka Urambo ambao hawakuwa wamezisikia habari. Nilimwambia kweli yake imemponza. Alisema anajua, na akaniuliza kama chai imebaki. Hakuwahi kunilaumu kwa ule utani, na hilo lilinikera zaidi kuliko angenilaumu.

Ndani ya eda hakumpaka Shamimu kitu. Alipita kila Alhamisi kumtazama tu, mikono nyuma, kama mkaguzi.

Eda iliisha mwishoni mwa Desemba, mvua zimeshashika. Shamimu alioga, akavaa dera la bluu, na mahali pa kwanza alipokwenda ni barazani kwetu. Ummy alimkalisha kwenye kiti karibu na mlango penye mwanga, akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku.

"Mabaka hayajaisha," alisema. "Hili la kushoto bado lipo. Lakini miezi minne bila jua imefanya kazi kuliko chupa yangu." Akampa kioo.

Shamimu alijitazama muda mrefu. Niliacha kukanyaga cherehani. Mashavu yalikuwa yametulia kabisa, na alikuwa mzuri, nasema wazi, alikuwa mzuri mpaka ilitia uchungu kumwona.

"Ummy," akasema, bado yuko kwenye kioo. "Wewe hudanganyi. Angeingia leo akaniona hivi, angesemaje?"

Miaka kumi na moja nilikuwa nimesubiri mwanamke yule aseme uongo. Ummy akafuta kitanda chake, ambacho hakikuwa na vumbi.

"Angesimama pale mlangoni," alisema, "akasema, Shamimu, umependeza."

Shamimu akashusha kioo. Akamtazama Ummy, akanitazama mimi, kisha akaanza kucheka, cheko la tumboni ambalo sikujua analo.

"Muongo mkubwa wewe! Nurdini? Nurdini angevua viatu, akakaa, akauliza chai iko wapi!"

Tulicheka watatu mpaka Ummy akashikilia kitanda chake. Mimi machozi yalilowesha kitambaa cha mtu. Shamimu alikuwa amejishika mbavu, anapumua kwa shida, anajaribu kusema jambo na kicheko kinamrudisha.

"Na ningemletea," alisema mwishowe. "Jamani, ningemletea." Na hapo ndipo alipolia.